Anza na Samaki, Umalizie na Fimbo

Hotuba kwa wavuvi wa mshipi wanaozungumza Kiswahili kaskazini mwa Texas, asubuhi kabla ya kuingia majini Lake Fork

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada, habari za asubuhi. Najua wengine mmetoka Fort Worth kukiwa bado giza, na familia moja imelala njiani ili iwahi hapa. Ahsanteni sana. Na mlioleta mandazi na chupa za chai, Mungu awazidishie.

Nimeombwa niseme juu ya fimbo za kuvulia. Wiki mbili hizi simu yangu haikupumzika. Mtu yuko dukani, amesimama mbele ya ukuta mzima wa fimbo, ananitumia picha tatu na swali moja: nichukue ipi? Nami nikawa namjibu kila mmoja kwa swali: unataka kumtoa samaki wapi? Wengine walidhani nawakwepa. Sikuwakwepa. Hilo ndilo swali lenyewe, na asubuhi hii nataka tulifungue pamoja, kwa sababu pesa mnazotoa ni pesa za jasho, na samaki mtakaowakuta mle ndani hawana msamaha.

Besi tunayemfuata leo, yule wa mdomo mkubwa, ni mviziaji. Hujibanza kivulini, chini ya zulia la magugu, katikati ya matete, kwenye shina la mti uliozama, akangoja chakula kimpitie karibu na pua. Ziwa hili lilianza kujazwa maji mwaka 1980, na miti mingi sana iliachwa imesimama humohumo. Mtakapoingia kwenye vihori vyake mtaona vigogo vikavu vimetokeza juu ya maji kama nguzo za nyumba ambayo haijaezekwa. Huko ndiko anakokaa. Ukirusha chambo kutoka mbali, kitaangukia nje ya kichaka au kitanasa kwenye tawi la kwanza. Kwa hiyo unasogea mpaka mita tano, sita, saba hivi, unakipenyeza kwenye tundu lisilozidi sahani, kinazama wima bila kishindo. Wamarekani huuita mtindo huu flipingi. Sisi kwenye boti yetu tumezoea kusema kupenyeza, na nitaendelea na neno hilo.

Kwa ambao hamjauona ukifanyika, naomba mnitazame kidogo. Naachia uzi unaolingana na urefu wa fimbo, chambo kinaning'inia. Mkono wa kulia umeshika fimbo, wa kushoto unavuta uzi ulio kati ya rili, yaani kile chombo cha kukunjia uzi, na pete ya kwanza ya fimbo, mpaka mkono umenyooka ubavuni. Sasa nainua ncha kidogo, chambo kinabembea kuja kwangu. Nashusha ncha, kinabembea kwenda mbele, kinapita juu ya maji kwa urefu wa shubiri moja, na mkono wa kushoto unaufuata uzi ukirudi kwenye pete. Kimeingia. Mmesikia mlio wowote? Rili haikuzunguka hata mara moja. Ni fimbo, uzi na bembea tu. Na kazi hii unairudia mara mia kadhaa kwa siku, kisiki baada ya kisiki. Likumbukeni hilo tutakapofika kwenye uzito wa fimbo.

Mtindo huu una historia. Anayetajwa mara nyingi ni Dee Thomas wa California. Huko walikuwapo wavuvi waliotumia miti mirefu ya futi 12 na zaidi, wakikitumbukiza chambo katikati ya matete kama mtu anayechovya kalamu kwenye wino. Mashindano yakaanza kuweka mipaka ya urefu, naye akatafuta namna ya kupata umbali uleule kwa fimbo fupi zaidi, kwa kuutumia huo mkono wa pili kuvuta uzi. Mwaka 1975 alikwenda Arkansas, kwenye ziwa la Bull Shoals, akashinda mashindano ya B.A.S.S., chama cha wavuvi wa besi cha Marekani, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuona uvuvi wa namna ile. Baadaye kampuni ya Fenwick ikatoa fimbo iliyoitwa Flippin' Stik, yenye futi 7 na inchi 6. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na ukienda dukani leo urefu utakaoukuta zaidi kwa kazi hii ni huohuo au jirani yake. Mwaka 1998 Denny Brauer alitwaa Bassmaster Classic, shindano kubwa la wavuvi wa besi, pale High Rock Lake, North Carolina, naye jina lake limejengwa juu ya uvuvi huu wa karibu, wa kuingia kichakani.

Ninachopenda katika habari hii ni mpangilio wake. Mahali palitangulia, yaani matete. Kisha ikaja haja ya kufika pale. Fimbo ilizaliwa mwisho, ili kuitumikia haja hiyo. Sisi dukani tunafanya kinyume: tunaanza na fimbo inayong'aa, halafu tunakwenda kuitafutia kazi.

Nami nilifanya kinyume hicho, na nataka niwaambie kilichotokea. Nilipohamia Texas nilinunua fimbo ya futi 6 na inchi 6, imeandikwa herufi M, yaani ya nguvu ya wastani, na muuzaji akanihakikishia kwamba inafaa kila kazi. Nikaitia uzi wa nailoni wa kuhimili ratili 12. Kwa maji ya wazi haikuwa na neno. Siku moja ya Machi rafiki yangu alinionyesha kisiki, nikapenyeza jigi, chambo bandia chenye kichwa kizito na ndoana, na kabla halijafika chini uzi ukasogea kando, kimya, kama mtu anayevuta shuka. Nikakaza. Ile fimbo ikapinda kuanzia ncha mpaka karibu na mpini, ikaendelea kupinda, na samaki hata hakusogea. Niliona nguvu zangu zote zinaishia kwenye fimbo, kwake hazifiki. Naye akafanya anachofanya besi yeyote akishapewa nafasi ya kuvuta pumzi moja: akazunguka kisiki. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nikausikia uzi ukikwaruza kwenye mti. Halafu tukamwona, yuko chini ya maji kiasi cha mkono mmoja, ubavu wake unang'aa, amefungwa pale kama mbuzi kwenye kigingi. Nikainama kumfikia, boti ikagonga gogo, uzi ukakatika upande wangu. Akazama na jigi langu mdomoni na uzi umemzunguka.

Usiku ule sikulala vizuri. Kumkosa samaki ni jambo la kawaida, kila mvuvi anakosa. Kilichonikaa moyoni ni kwamba nilimfunga. Samaki aliyekatikiwa na uzi maji ya wazi anayo nafasi ya kuitoa ndoana. Aliyefungwa kwenye kisiki hana. Ndiyo maana nasema kwa ukali kidogo, mtanisamehe: ukiingia kichakani na fimbo isiyoweza kutoa samaki kichakani, heri ubaki maji ya wazi.

Basi tuanze na samaki. Amekiuma chambo. Anazo sekunde mbili hivi kabla hajajisokota kwenye kitu. Ndani ya sekunde hizo mbili ni lazima ndoana iingie, kichwa chake kigeuke juu, na mwili wake uanze kupanda. Huku si kuvutana naye mpaka achoke, kama wajomba zetu wa pwani wanavyomchosha nguru kwa kumwachia na kumrudisha. Hapa breki ya rili imekazwa mpaka mwisho au karibu na mwisho, na uzi hautoki. Ukimwachia, umemkosa.

Kutoka kwenye sekunde hizo mbili, rudi nyuma hatua moja moja. Ni nini kimemzunguka? Kama ni magugu, unahitaji uzi wa kusuka, ratili 50 mpaka 65. Uzi huo haunyumbuki, na unakata mashina laini ya majani kama kisu. Kama ni miti, hali inabadilika. Uzi wa kusuka ukivutwa juu ya gogo huzama kwenye mti, ukakwama humo kama msumeno usiotiwa mafuta. Wengi wetu tunatumia uzi wa flurokaboni wa ratili 20 au 25 kwenye miti, kwa sababu unateleza juu ya gome na unavumilia kukwaruzwa. Lakini flurokaboni unanyumbuka. Mnaona jinsi jambo moja linavyolivuta jingine? Uzi unaonyumbuka unameza sehemu ya mkazo wako, kwa hiyo fimbo inabidi iwe na ukakamavu wa kufidia. Uzi usionyumbuka unapeleka kila kitu kwa samaki papo hapo, kwa hiyo fimbo ikiwa ngumu kama mtaimbo, ndoana inararua mdomo au yenyewe inanyooka.

Hatua nyingine nyuma: chambo kina uzito gani? Kwenye miti ya hapa tutatumia jigi za sehemu tatu ya nane ya wakia mpaka nusu wakia, zile zenye sketi ya mpira na vijiti vya kuzuia ndoana isinase. Kwenye zulia zito la magugu jigi hilo litakaa juu kama chura. Hapo unahitaji chubwi ya wakia moja, moja na nusu, hata mbili, ili ipasue zulia ishuke chini, na nyuma yake kichambo chembamba cha mpira kisicho na miguu mingi ya kunasa. Chukueni chubwi za tangisteni mkiweza. Ni ghali, najua. Lakini tangisteni ni nzito kuliko risasi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 19 na ushei, na ya risasi gramu 11 na ushei. Kwa uzito uleule unapata kitu kidogo zaidi, na kitu kidogo kinapita kwenye tundu dogo.

Sasa ndipo tunaingia dukani.

Urefu kwanza. Fimbo ndefu inakupa mambo mawili. Bembea yake ni ndefu, kwa hiyo unafika mbali zaidi bila kusogeza boti. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba unapokaza, ncha inasafiri umbali mrefu na kumaliza ulegevu wote wa uzi kwa mkupuo mmoja, kisha inampandisha samaki wima badala ya kumburuta kupitia matawi. Kwa mtu mzima anayesimama mbele ya boti, futi 7 na inchi 6 ndipo pa kuanzia. Kwenye zulia zito nenda mpaka futi 8. Mfupi wa kimo asione haya kuchukua futi 7 na inchi 3, maana fimbo inayogusa maji kila unapobembeza itakukera siku nzima. Jaribu hukohuko dukani: simama kama uko kwenye boti, bembeza. Wauzaji wamezoea.

Wenye kayaki wamekaa chini, ncha yao iko karibu na maji. Kwao futi 7 mpaka 7 na inchi 3 inafanya kazi nzuri kuliko hiyo ndefu. Vivyo hivyo wanaovua kutoka ukingoni penye miti juu ya kichwa. Na jambo dogo ambalo limewasumbua watu watatu katika kikundi hiki: pimeni gari kabla ya kununua. Fimbo ya futi 7 na inchi 6 isiyokatika vipande viwili haiingii kila gari. Zipo zenye mpini unaoingia ndani kama antena, na hizo hazina ubaya wowote. Nyingi za mtindo huu zimetengenezwa hivyo ili ziingie kwenye sanduku la boti.

Nguvu. Juu ya mpini, au hapo mbele yake kidogo, kuna maandishi madogo. Vaeni miwani myasome. Mtaona M, MH, H, XH, kutoka ya wastani kwenda ngumu zaidi. Mtaona pia ratili za uzi na wakia za chambo ambazo fimbo imeundiwa. Kwa jigi kwenye miti, tafuteni H. Kwa kupasua zulia na uzi wa ratili 65, XH. Ile MH ambayo wengi mnayo nyumbani inaweza kupenyeza kwenye matete machache, yaliyotawanyika, na mtu akiwa nayo leo hatutamrudisha nyumbani, ila tutamweka sehemu nyepesi. Msiamini herufi peke yake, kwa maana hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote: H ya kampuni moja ni XH ya jirani yake. Wakia zilizoandikwa zinasema kweli zaidi. Fimbo iliyoandikwa kuishia robo tatu ya wakia haikuundwa kubeba chubwi ya wakia moja na nusu, hata iwe na herufi gani.

Mkunjo ni jambo jingine, na watu huuchanganya na nguvu. Nguvu ni kiasi gani inahitajika kuipinda. Mkunjo ni inapinda kutoka wapi. Yenye F inapinda karibu na ncha, kisha mgongo unasimama. Hiyo ndiyo tunayoitaka: ncha yenye ulaini kidogo ya kubembeza jigi na kuhisi, mgongo wa kunyanyua. Namna ya kuijua ni rahisi. Mwombe mwenzako ashike ncha, wewe inua mpini polepole. Tazama mpindo unaishia wapi. Ukiona unakufikia mkononi kama ufito wa mkaratusi, hiyo ni fimbo ya kazi nyingine. Ukiona theluthi ya mbele inapinda halafu inagoma, umeipata. Mwaka ule ningelifanya jaribio hilo la dakika moja, yule samaki angekuwa huru.

Niseme kidogo kuhusu kosa la upande wa pili, kwa kuwa naona vijana wetu wanalipenda. Baada ya kukosa samaki mmoja, mtu anakimbilia fimbo ngumu kuliko zote zilizoko dukani. Anafunga uzi wa ratili 65, anakaza kwa mabega yote, anang'oa chambo mdomoni mwa samaki kabla hajafumba, halafu anasema leo hawaumi. Wanauma. Ugumu una mpaka wake. Fimbo yangu ya magugu ni ngumu mgongoni, lakini ncha yake bado inainama ukiining'iniza chubwi ya wakia moja. Bila mwinamo huo hutaisikia ile alama ndogo. Mara nyingi besi anakiuma chambo kikiwa bado kinashuka, na unachokipata ni uzi kusimama mapema kuliko ulivyotegemea, au kuteleza kando. Jicho kwenye uzi, mkono kwenye fimbo.

Uzito. Hapa ndipo pesa inapofanya kazi yake halali. Fimbo za faibaglasi zina uvumilivu mkubwa, lakini kwa mtindo huu ni nzito na zinaficha hisia. Grafaiti ni nyepesi na inakuletea mguso mkononi. Bei zinapanda kadiri fimbo inavyokuwa nyepesi huku ikibaki na nguvu. Kwa maoni yangu, ya dola 100 hadi 150 inamtosha yeyote aliyeko hapa. Kitu cha kupima ni uwiano. Nenda dukani na rili yako mwenyewe, ifunge, weka fimbo juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya rili. Kama ncha inaanguka chini kwa kishindo, ndiyo hiyo utakayokuwa unainua kwa kifundo cha mkono mara mia kadhaa. Jioni hutaweza kushika kikombe.

Mpini uwe mrefu wa kutosha kulala chini ya mkono kuelekea kwenye kiwiko, ili ukikaza mkono wote ufanye kazi. Usiwe mrefu mno hadi unanasa kwenye jaketi. Wenye majaketi ya kujiokolea, na leo kila mtu atavaa, jaribuni mkiwa mmelivaa.

Pete: pitisha pamba ndani ya kila moja. Nyuzi za pamba zikinasa, kuna ufa, na ufa huo utakata uzi wako siku ya siku. Hata fimbo mpya fanyeni hivyo.

Rili sitaikalia sana. Yenye uwiano wa 7 kwa 1 au 8 kwa 1, kwa ajili ya kukusanya uzi haraka samaki akikimbilia kwenu. Na kama unapenyeza kwa mkono wa kulia, nunua rili yenye mkono wa kuzungushia kushoto, ili usibadilishe mikono katika zile sekunde mbili.

Mzee aliyekaa pale kando ameniuliza wakati wa chai kama haya yana maana yoyote kwake akirudi Kenya mwakani. Mzee wangu, swali lako limenigusa, maana mimi nimekulia Karagita, kando ya Naivasha. Yule besi tuliyekuwa tukimla nyumbani ni huyuhuyu. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, akazaana, akawa kitoweo chetu. Na yule kamba mwekundu wa maji baridi tuliyekuwa tukimkamata kwa mikono utotoni asili yake ni Louisiana, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa tuliposimama. Alipandikizwa Naivasha mwaka 1970. Jigi hili la kahawia lenye kucha mbili za mpira linamwigiza yeye. Siku nilipolifahamu hilo nilikaa kwenye ukingo wa boti nikacheka peke yangu kwa furaha: nimevuka bahari kuja kumvua samaki wa kwetu kwa mfano wa chakula cha kwetu, kumbe wote wawili walikuwa wa huku.

Kwa hiyo, ndiyo, fimbo hiyo itakufaa. Gugu maji la Naivasha linafunga zulia kama hidrila, gugu la majini la hapa, na kando ya mafunjo kuna besi. Maji yalipopanda karibu na mwaka 2020 yaliingia kwenye migunga ya ukingoni, miti ikafia majini, na sasa kuna visiki kama vya Lake Fork. Lakini nakusihi jambo moja. Mtindo huu unataka usogee karibu na kichaka, na Naivasha kichakani kuna kiboko. Usisogee kwenye mafunjo na kaboti kadogo bila mtu wa hapo anayejua wanakolala. Nimewazika watu niliowafahamu kwa sababu ya kiboko. Hapa Texas kichaka kina nyoka wa maji, nao tutawaheshimu, lakini hilo ni jambo dogo ukilinganisha.

Mama mmoja alitaka kujua fimbo ya mtoto wa miaka kumi. Asianze na mtindo huu, mama. Mpe fimbo nyepesi na boya dogo la kuelea apate samaki wadogo pale gatini. Mikono yake ikikua, atakuja.

Sasa mambo ya leo yenyewe. Mwenye umri wa miaka 17 na zaidi awe na leseni mfukoni, na walinzi wa wanyamapori wa Texas wanakagua kweli. Besi wa ziwa hili wana sheria yao: mwenye urefu wa zaidi ya inchi 16 na chini ya inchi 24 anarudi majini, wote. Mwisho wa kubeba ni watano kwa siku, na wa inchi 24 au zaidi asizidi mmoja. Ni sheria iliyolipa. Besi mkubwa kuliko wote waliosajiliwa Texas, wa ratili 18.18, alitoka humu Januari 1992, na aliyemvua, Barry St. Clair, alikuwa akivua krapi, samaki mdogo kuliko besi. Mkimpata wa ratili 13 na zaidi, nipigieni mara moja, msimkate, maana idara ya wanyamapori inayo programu ya tangu 1986 ya kuwatunza wakubwa hao kwa ajili ya uzazi, na samaki wa kwanza wa programu hiyo alitoka ziwa hilihili.

Mkishamfikisha kando ya boti, ndipo fimbo nyingi zinapovunjika. Usiinue fimbo ikasimama wima juu ya kichwa chako huku samaki mzito ananing'inia chini karibu yako. Mzigo wote unakwenda kwenye ncha, na ncha haikuumbwa kuubeba. Shusha fimbo, mshike kwa mdomo wa chini au tumia wavu. Na ukiona uzi umenasa kwenye mti, usivute kwa fimbo. Elekeza ncha kwenye mti, shika uzi kwa kitambaa, vuta moja kwa moja. Na uzi uliokatika, popote unapofikika, tuurudishe wote. Kila boti ina mfuko wa kuutia. Kama samaki amejifunga kwenye kisiki, msimamizi wa boti aache kila kitu, asogeze boti, tumfungue kwa mkono hata kama itachukua nusu saa.

Pale chini ya mti nimeweka fimbo nne zimefungwa rili: MH ya futi 7, H ya futi 7 na inchi 3, H ya futi 7 na inchi 6, na XH ya futi 8. Nimepanga ndoo tano kwenye nyasi kwa umbali wa mita tano mpaka saba, na jigi hazina ndoana. Kila mtu apenyeze kwa kila fimbo mara kumi, akiwa amevaa jaketi lake, halafu anipe jina la aliyoipenda kabla hatujagawana boti. Mama uliyeuliza kuhusu mtoto, anza wewe. Wazee mfuate. Boti ya kwanza inatoka saa moja na nusu.